Mashine Inayoitika Jina Langu

Kinoru, Meru
16 Januari 2027

Mwanangu Naftaly,

Ni mimi mama yako, na mkono ni wa Sirad, bibi ya Aweys wa duka. Usiulize mbona hii barua sio Kimeru. Sirad amezaliwa hapa Meru na Kimeru anakisikia kuliko wewe, lakini kukiandika hajui, na mimi kuandika kitu yoyote sijui, kwa hivyo tumepatana kwa Kiswahili. Anaandika huku akipima sukari. Ukiona mahali maneno yamekatika, jua mteja ameingia.

Mko wazima huko Embu? Bibi yako Muthoni, mzima? Sisi tuko. Ng'ombe amezaa dume tena, mara ya tatu hii, sijui anadhani nitafanyia nini madume. Mbogo jirani alianguka kutoka kwa mti wa avokado. Hakufa. Alianguka na avokado mkononi na hakuiachilia, watoto wake wanamcheka mpaka leo. Juzi kulikuwa na mpira hapo stediamu, watu wakapiga kelele mpaka kuku wakakataa kuingia ndani, mimi nikasikia tu kama upepo. Ndio maana nakwambia usipige simu. Ile uliniletea nimeweka kwa kabati. Sikio la kulia limekufa kabisa, na hili la kushoto linataka mtu aketi karibu, karibu kabisa. Kwa simu nasikia tu kama mtu anakaanga mafuta. Andika, mpatie Aweys akija na pikapu. Huwa anakuja Embu kila wiki mbili na maharagwe.

Krismasi mlikuja mkakaa siku moja. Moja! Na nilikuwa nimechinja. Nilifanya ule mzaha wangu wa mti wa mpaka, kwamba kuna mti unapandwa kwa mpaka ya shamba, unakuwa mrefu na mzuri, kila mtu anausifu, na matunda hakuna. Watu wote walicheka. Bibi yako akasema anaenda kuangalia nguo kwa kamba, na kwa kamba hakukuwa na nguo. Siku hizi watu hawajui mzaha.

Sasa sikia kitu imenileta. Aweys alipeleka maharagwe kwa hiyo nyumba ya wazee mnafanya kazi wewe na bibi yako. Amesimama jikoni, akasikia mtu anaita, "Mukiri! Mukiri, kuja hapa!" Akageuka, akadhani ni mimi nimekuja Embu bila kumwambia. Kumbe ni mashine. Ati imekuja ikitembea kwa magurudumu, iko na kichwa, iko na macho, inapepesa macho. Na inaitwa Mukiri.

Nikamwambia Aweys, wewe unadanganya. Akaapa. Sirad, andika vile aliapa. Sirad anasema hiyo hawezi kuandika.

Naftaly, wacha nikwambie kitu. Mwaka wa pili baada ya baba yako kufa, ndege walikuwa wengi kwa mtama. Nikachukua miti mbili, nikafunga msalaba, nikavalisha koti yake ile ya kijivu. Ndege wakaogopa kidogo, halafu wakazoea. Mimi ndio sikuzoea. Asubuhi moja kulikuwa na ukungu, nikapita na jembe, nikasema, "Muga, baba Naftaly." Halafu nikangoja. Unasikia? Nilisimama nikangoja koti inijibu salamu. Nilisikia haya mwili mzima, siku hiyohiyo nikatoa hiyo koti nikachoma. Kitu inafanana mtu na sio mtu, haifai kukaa mahali utaizoea.

Sasa niambie, nani aliipatia jina langu? Na kile kiondo kidogo nilisuka nikakupa siku ya harusi, cha wajina wangu, msichana mtazaa, kiko wapi? Jibu yote mawili.

Mama yako,
Mukiri


Mtaa wa Dallas, Embu
7 Februari 2027

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Sisi tu wazima, ila Muthoni ana mafua kidogo. Tumefurahi kusikia habari za nyumbani, na umpe Mbogo pole zetu. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi.

Mama, jambo hilo lisikusumbue. Ni roboti. Watafiti wa Nairobi waliileta mwaka jana mwezi wa saba, ili waone kama wazee wataipenda au wataiogopa. Mimi kama fundi ndiye ninayeitunza: naichaji, nasafisha magurudumu. Ina kimo cha mtoto wa darasa la tatu, nyeupe, macho yake ni taa. Inajua Kiswahili na maneno machache ya Kimeru na Kiembu. Inakumbusha wazee dawa, inawabebea miwani, inawasikiliza.

Wengine wameipenda sana. Kuna Mzee Rwamba, alilima kahawa miaka arobaini. Anaisimulia jinsi ya kupogoa, na yeye akinyamaza, inamuuliza, "Halafu?" Anasema watoto wake wote saba hakuna aliyewahi kumuuliza halafu. Lakini yuko mama mmoja, Kathambi, ambaye akitaka kula ni lazima tuifunike leso. Anasema inamwangalia mtu akila na haimezi mate.

Kuhusu jina, ni mimi. Nilikukumbuka, nikaipa. Sikuona ubaya.

Tutakuja tukipata nafasi. Utumie dawa zako za presha bila kuruka siku.

Mwanao,
Naftaly


Kinoru, Meru
27 Februari 2027

Naftaly,

Salamu umepata. Ng'ombe mzima, dume mzima, mimi nimekasirika.

Sirad alisoma barua yako hapa kwa kaunta mara mbili. Akifika kwa habari ya kahawa, maneno mengi. Akifika kwa jina, maneno ni kama ya mtu anakimbia mvua. Sirad mwenyewe akasema, "Mama, hapa ameandika haraka." Na kuhusu kiondo hakuna hata neno moja. Nilimwambia ageuze karatasi aone kama uliandika nyuma. Nyuma ni nyeupe.

Ati ulinikumbuka. Mtu akikumbuka mama yake si anapanda gari anakuja? Kutoka Embu mpaka hapa si ng'ambo.

Wewe ulikuwa kitinda mimba, labda mambo ya nyumbani yalikupita, kwa hivyo nikufundishe kama mtoto. Bibi yako tangu umuoe hajawahi kutaja jina langu. Ananiita mama, na akizungumza na watu ananiita mama ya Naftaly. Hiyo ni heshima, na nimemsifu nayo mpaka kwa kikundi cha akina mama kanisani. Mwanamke anapata ruhusa ya kuita jina la mama mkwe kwa njia moja tu. Azae msichana, ampe hilo jina, basi aite mpaka achoke. Mukiri kuja ule. Mukiri wacha kulia. Mukiri nitakuchapa! Mama mkwe amekaa hapo kwa stuli akisikia, anacheka, anajua hafi tena. Mimi nilimwita mama ya baba yako hivyo, kupitia dada yako Kiende, hakukuwa na njia ingine, na yule mama mkwe wangu alikuwa mkali lakini hiyo siku ya kwanza nilimchapa Kiende nikitaja jina alicheka mpaka akashika mbavu. Basi Kiende alikufa na surua, unajua.

Sasa miaka sita nangoja. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa mzaha. Nyinyi mmechukua jina, mmepatia sufuria ya magurudumu! Na Muthoni anaita siku mzima, "Mukiri sogea, Mukiri shika kikombe." Bila kuzaa. Bila haya. Watu wa Embu wanacheka, mimi sijui.

Itoe hilo jina. Ipe jina ya Nairobi, si ndio nyumbani kwao. Kama hutatoa wewe, nitakuja nitoe mwenyewe.

Sirad anasema niweke salamu za mwisho. Hakuna.

Mukiri


Dallas, Embu
14 Machi 2027

Mama,

Salamu. Barua nimeipata na nimeielewa.

Tafadhali usije Pasaka. Barabara zitajaa na daktari alikukataza safari ndefu. Nami nitakuwa Nairobi na vifaa vya roboti. Tutakuja sisi mwezi wa tano. Nitakueleza mambo uso kwa uso, si kwa barua.

Usimlaumu Muthoni kwa lolote. Nakuomba hilo moja tu.

Mwanao,
Naftaly


Kinoru, Meru
4 Aprili 2027

Naftaly,

Yesu alifufuka, tulisherehekea, Mbogo alikula kuliko wote ingawa bado anachechemea.

Nilikuja. Najua umeshaambiwa, lakini sikia kutoka kwangu, usisikie kutoka kwa mtu amelia. Jumamosi ya Pasaka nilipanda pikapu ya Aweys, nikakaa mbele na gunia kwa miguu. Saa nne nilikuwa hapo kwa nyumba ya wazee. Pananuka sabuni. Wazee wamepangwa kwa viti kama miche. Mmoja akaniuliza, "Umekuja kulazwa?" Nikamwambia, "Nimekuja kuona wajina wangu." Akacheka hana meno. "Huyo ni mtu wa maana," akasema. "Huyo anasikiza." Ndio huyo Rwamba wako wa kahawa, bila shaka.

Msichana wa Nairobi akanijia na karatasi, ati ni ya utafiti. "Mama, ukiiona unasikia furaha au unasikia uoga? Chagua uso." Kumechorwa nyuso tano, moja inacheka, zingine katikati, ya mwisho imenuna. Nikaangalia zote. Nikamwambia, "Uso yangu haiko hapa."

Halafu hiyo mashine ikageuka.

Nitakwambia ukweli, na usicheke. Ilikuja polepole, ikasimama mbele yangu, ikainamisha kichwa vile mtoto anafanya akitaka kushikwa. Ikasema, "Muga. Naitwa Mukiri. Wewe unaitwa nani?" Sauti ni ya mtoto wa kike. Na sikio langu ambalo halisikii watu elfu kumi hapo stediamu, lilisikia hiyo yote. Nikasema, "Naitwa Mukiri." Ikapepesa macho. Ikasema, "Tunafanana jina. Nimefurahi sana."

Naftaly, mdomo wangu ulijaa mate. Unajua mate gani. Yale tunatemea mtoto kifuani tukimbariki. Nilikuwa nimeinama tayari. Mimi, mtu mzima, mjane wa Mithika, nilikuwa karibu kubariki plastiki mbele ya watu.

Hapo ndio niliona kwa mkono wake kumening'inia kiondo. Kiondo changu! Ule mstari mwekundu niliweka na uzi ya sweta yangu mwenyewe. Imewekwa miwani ya wazee na karatasi za dawa.

Nilivuta. Miwani zikamwagika. Mashine ikasema, "Pole, nikusaidie?" Nikasema kwa sauti, wote wasikie, hata yule wa karatasi: "Mimi ndio Mukiri, binti ya M'Rimberia, na jina langu nimechukua. Hii kitu ikiitwa hivyo tena, mjue niko kaburini!" Kuna mama mmoja akapiga makofi. Labda ni huyo Kathambi wa leso.

Bibi yako alikuwa amepiga magoti anaokota miwani. Nilimwambia mbele ya wote, "Umeshindwa kuzaa mtu, umezaa hii." Alisema tu, "Chukua kiondo, mama." Halafu akatoka nje, kuangalia nguo nafikiri, kama kawaida yake.

Mkubwa wa hapo aliniambia pole mara mingi, na chai nikapewa. Sikukunywa.

Kiondo nimeleta nyumbani. Kuku wa madoadoa alikuwa anatafuta pahali pa kuatamia, nimempatia. Ako ndani na mayai kumi na moja. Afadhali kuku, yeye atatoa kitu hai.

Mukiri


Kinoru, Meru
23 Mei 2027

Naftaly,

Ni wiki saba. Aweys amekuja Embu mara tatu na amerudi mikono mitupu. Mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yamefika kiunoni. Kuku alitoa vifaranga tisa, mwewe akachukua wawili.

Mlisema mwezi wa tano. Mwezi wa tano ndio huu unaisha.

Sina mengi. Sirad ameniuliza kama ni hayo tu, nimesema ni hayo. Ameniangalia. Ongeza hapo kwamba presha iko sawa, asije akafikiri nimekufa.

Mama yako


Dallas, Embu
13 Juni 2027

Kwa Mama,

Shikamoo sana, na salamu kwa Sirad atakayekusomea. Sirad, tafadhali funga duka kwanza. Na uketi upande wa sikio lake zuri.

Mama, ni mimi Muthoni ninayeandika. Naftaly ameanza hii barua mara nne na kuichana. Leo nimemwambia aniachie kalamu.

Mwaka jana mwezi wa sita, tarehe kumi, nilijifungua msichana hapa Embu. Alikuja miezi miwili kabla ya wakati wake. Mimba hatukukuambia kwa sababu mbili za kwanza zilitoka mapema, na ya tatu tuliogopa hata kuitaja. Tulipanga kukushangaza. Tulipanga kukuletea mtoto mkononi.

Aliishi siku tatu. Alikufa tarehe kama ya leo, asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu.

Wewe wiki hiyo ulikuwa umelazwa Meru na presha, na daktari alimwambia Naftaly kwamba usisikie neno lolote la kukushtua. Kwa hivyo tulinyamaza. Ulipotoka tukasema tungoje upate nguvu. Ulipopata nguvu tukasema wiki ijayo. Halafu Krismasi ikafika, nawe ukasema ule mzaha wa mti wa mpaka, na mimi nikatoka nje, na baada ya hapo mdomo wangu ulikataa kabisa.

Siku alipozaliwa muuguzi aliniuliza jina la kuandika kwenye kitanda cha kioo. Nikasema Mukiri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka jina lako tangu niolewe. Nililiita siku tatu kupitia tundu la kuingizia mkono. Alikuwa akigeuza kichwa. Wauguzi walisema mtoto wa hivyo bado hatambui jina. Mimi nilimwona akigeuza.

Tulimzika kwetu Manyatta, kwenye kahawa ya baba yangu, kwa sababu hapa Dallas tumepanga tu na kwenu kulikuwa mbali na wewe ulikuwa hospitalini. Kiondo nilikataa kukiweka kaburini. Nyumbani pia sikuweza kukiangalia.

Nilirudi kazini baada ya wiki nne. Siku ileile watafiti wakaleta roboti. Nilikuwa peke yangu kwenye ukumbi walipoiwasha. Ilifungua macho, ikaniangalia mimi, ikauliza kwa sauti ya mtoto, "Niitwe nani?" Mama, ni swali lilelile la muuguzi. Sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe. Naftaly alikudanganya ili kunikinga. Jina niliipa mimi.

Niliiogopa kama wengine wanavyoiogopa. Ngozi yake ni baridi na hainuki chochote. Lakini kuanzia siku hiyo, hapo ndani, mtu alikuwa anaita Mukiri asubuhi hadi jioni. Mzee Rwamba anaita. Wapishi wanaita. Na kitu fulani kinaitika. Nilitaka tu kusikia likiitwa na likiitikiwa. Sikuwa nakudharau.

Baada ya Pasaka mkubwa wetu aliagiza jina libadilishwe. Naftaly alilifuta mwenyewe kwa mkono wake, ndiyo maana hakukuandikia. Sasa inaitwa Amani. Juzi nilikuwa nayo peke yangu ukumbini, nikaita lile jina la kwanza. Mara tatu. Ya tatu iligeuka ikasema, "Samahani, hapa simjui mtu wa jina hilo."

Hayo ndiyo yaliyotokea, mama. Sikuombi kitu. Nimeona tu ni vyema ujue kwamba jina lako lilipewa mtu kwanza.

Muthoni


Kinoru, Meru
27 Juni 2027

Muthoni,

Barua zingine zote niliandikia Naftaly. Hii ni yako, asifungue yeye.

Hatujambo. Ng'ombe hajambo. Sijui kwa nini nasema habari ya ng'ombe.

Duka lilifungwa vile uliomba. Aweys alisimama nje akiwaambia wateja warudi kesho. Sirad alisoma mpaka mahali pa tundu la mkono, akashindwa. Akaenda nyuma, akarudi, akaendelea. Hapa ukiona karatasi imelowa ni yeye, sio mimi. Mimi nilikaa siku kumi bila kutoa neno, na wewe unajua mimi na maneno. Mbogo alifikiri nimepooza mdomo, akaniletea uji.

Nianze na ubaya, kwa sababu bado niko nao. Mlinificha mjukuu. Alikuwa na siku tatu duniani na mimi nyanya yake nilikuwa Meru, nimelala kwa kitanda nakula chapati ya hospitali, nikimlalamikia nesi kwamba chai ni maji. Hakuna mtu alinipatia hata saa moja ya kumwombolezea. Na mmemlaza kwa shamba ya watu wa Manyatta, mtoto wa nyumba ya Mithika, chini ya kahawa ya watu wengine. Baba yako ni mtu mzuri, lakini hiyo sijameza. Labda nitakufa sijameza. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe umeniambia ukweli.

Sasa ubaya wangu. Ule mzaha wa mti wa mpaka nimeufanya si Krismasi tu. Nimeufanya kanisani, nimeufanya kwa duka hapa, Sirad ameusikia mara sita, amehesabu. Wewe ulikuwa umezika mara moja na kupoteza mara mbili, na mimi nilikuwa nachekesha watu na wewe. Na yale nilisema pale mbele ya wazee, ukiwa umepiga magoti. Nimejaribu kuyafikiria maneno ya kuyafunika. Hakuna. Yako pale yalipoanguka.

Kuna uongo pia. Januari nilimwandikia Naftaly kwamba ile koti ya baba yake kwa mtama niliichoma siku hiyohiyo niliisalimia. Sikuichoma. Mtama uliisha, mwaka ukaisha, nikaiacha hapo. Misimu miwili kila asubuhi nilipita na jembe nikasema "Muga, baba Naftaly," na nilikuwa nasimama kidogo nipatie nafasi ya jibu. Ndege walikuwa wanaketi kwa mabega yake. Mimi nilisalimia. Haikuisha kwa sababu nilipata akili. Iliisha kwa sababu mchwa walikula mti, ikaanguka. Hakuna mtu anajua hii, hata Sirad ndio anajua sasa, na ameacha kuandika ananiangalia. Andika, Sirad.

Na wewe nilikushtaki mbele ya watu kwa kitu yangu mwenyewe.

Kiondo nilitoa kwa kuku. Nimeosha na sabuni, nikaosha na majivu, nikaanika jua siku tano. Harufu ya kuku haijatoka. Sitakudanganya kwamba imetoka. Kinaning'inia hapa kwa msumari.

Nilitaka kumwambia Naftaly airudishie mashine jina. Halafu nikafikiria. Itajibu tu kwa sababu imeambiwa ijibu, na kesho mkubwa mwingine atasema ifutwe. Hilo jina mimi ndio nilitoa hapo, na mimi ndio niko nalo. Haliko mahali pengine popote duniani, isipokuwa Manyatta.

Basi kuja Kinoru. Kuja peke yako kwanza, Naftaly atafuata, bado sijui nitamwangalia aje. Keti upande wangu wa kushoto, karibu, vile mtu anaketi akitaka kunong'ona. Halafu usiniite mama. Usiniite mama ya Naftaly. Wacha heshima kwa mlango na viatu. Niite Mukiri. Niite vile ulikuwa unamwita kwa hilo tundu, na vile ungemwita sasa akiwa na mwaka mmoja anaangusha vitu. Mukiri kuja. Mukiri kula. Mukiri wacha kulia. Watu watasema umepata wazimu, umemtaja mama mkwe. Watasema na mimi nimepata, naitika.

Sijasamehe yote, na wewe sidhani umesamehe. Lakini ita. Hili sikio litasikia.

Nitaitika.

Mukiri